Hotuba ya Mwenyekiti: Kutulia Wakati wa Misukosuko



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia kuiona siku hii. Kikundi hiki tulikianza mwezi wa Juni mwaka 2015 hapa hapa Muheza, tukiwa kina mama 18, na kiti chetu kilikuwa mkeka chini ya mwembe. Leo tuko 27. Katika wale 18 wa mwanzo, wenzetu watatu wametangulia mbele ya haki. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke. (Wote wakasimama.) Ahsanteni. Tukae.

Hesabu mmeshazisikia katika risala ya katibu, na picha mtaziona ndani ya kijitabu, kwa hiyo hatutarudia. Kamati ya maandalizi imetupa nafasi tuseme habari ya uongozi. Tulipoambiwa hivyo tulicheka. Sisi ni watu wa darasa la saba, wa ile elimu ya UPE, tumemaliza shule mwaka 1985, na kazi yetu mnaijua, machungwa na ndizi sokoni. Uongozi hatukuusomea mahali. Lakini tulipokaa tukafikiri tukaona lipo jambo moja tunaloweza kulisema bila kuazima kwa mtu, kwa sababu limetugharimu. Nalo ni hili: kiongozi afanye nini pale ambapo watu anaowaongoza wameingiwa na hofu, na yeye mwenyewe hofu imemwingia vile vile.

Kwa faida ya wageni tueleze kidogo sanduku letu linavyofanya kazi. Upatu tunaujua tangu kwa bibi zetu, ule wa kupokezana. Huu wa sanduku ni mwingine. Mwalimu aliyetufundisha alituambia kwamba ulianzishwa na shirika la CARE kule Niger mwaka 1991, kwa kina mama wa vijijini kama sisi, halafu ukaenea nchi nyingi za Afrika mpaka ukatufikia. Kila wiki mwanachama ananunua hisa, si chini ya moja wala si zaidi ya tano. Hisa yetu ilianza kwa shilingi 1,000, sasa ni shilingi 2,000. Fedha hizo ndizo tunazokopeshana, na mtu hakopi zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Uko na mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Mwaka ukiisha sanduku tunalivunja, kila mmoja anachukua akiba yake na faida yake, tunaanza upya. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa kina mama watatu ambao si viongozi, na lenyewe linalala nyumba nyingine kabisa. Hakuna mtu anayeweza kulifungua peke yake.

Mtasema, basi hofu inatoka wapi na kufuli ziko tatu? Jamani, kufuli zinalinda fedha. Moyo wa mtu hauna kufuli. Mama aliyeweka shilingi 200,000 ambazo ni za kununulia bati, akisikia tu kwamba fulani hajarudisha mkopo, usiku halali. Alfajiri yupo mlangoni kwa mwenyekiti. Na mwenyekiti naye za kwake zimo humo humo.

Tuseme habari ya mwaka 2017. Wanachama wa zamani mnaijua, mlioingia baadaye mmeisikia kwa mafungu, kila mtu na fungu lake. Mwenzetu anayehusika tumemwomba ruhusa naye ametupa, kwa sharti tusimtaje jina.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, zimebaki wiki tatu tuvunje sanduku. Tukafungua ili tufanye hesabu ya mwisho. Wahesabuji wakahesabu, wakarudia, wakarudia tena. Zimepungua shilingi 350,000. Kwa sisi wakati ule hizo zilikuwa fedha nyingi mno. Kukawa kimya, halafu wote wakaanza kusema kwa pamoja. Huyu analia, huyu anataka polisi, yule anasema twende tukasome Halbadiri mwizi adhurike. Na macho yote, bila mtu kutaja jina, yakamwendea mweka hazina.

Sasa sikilizeni sisi mwenyekiti wenu tulifanya nini. Hatukusema, "Tulieni, leteni vitabu tuangalie." Tulisimama, tukamnyooshea mwenzetu kidole mbele ya watu, tukamwambia: "Fedha zilikuwa mikononi mwako, wewe ndiye utakayetuambia zimekwenda wapi." Na tulipolisema neno hilo kikundi kizima kilipata nafuu. Hapo ndipo penye kutisha. Mlikuwepo, mliona wenyewe. Kelele zilipungua, watu wakashusha pumzi, kwa kuwa sasa jambo lilikuwa limepata mwenyewe. Tulikuwa watu 22 tumebeba mzigo wa hofu, tukautua wote kichwani kwa mmoja. Mwenzetu alitutazama tu, hakujibu kitu, akajitanda kanga yake akaondoka.

Siku kumi na moja hakuonekana. Sokoni meza yake ya dagaa ikakaa tupu. Mtoto wake alirudi kutoka shule analia, ameitwa mtoto wa mwizi. Hayo tuliyasikia, tukajifanya tuna shughuli nyingi.

Siku ya kumi na mbili akarudi mwanachama mmoja aliyekuwa Handeni akimwuguza mama yake. Alikuja na kijitabu chake na fedha za marejesho mkononi, wala hana habari ya lolote. Tukafungua kijitabu: amekopa shilingi 350,000 mwezi wa Oktoba. Tukafungua leja tarehe ile ile: hamna. Siku hiyo kulikuwa na mvua kubwa, tulihamia barazani kwa mwenzetu, waliofika walikuwa kumi na wawili tu. Katibu alikuwa amejifungua wiki ile, kwa hiyo aliyeshika kalamu ya leja alikuwa mwingine. Tuliangalia mwandiko. Ulikuwa mwandiko wetu, sisi mwenyekiti. Tulikuwa tumejaza kijitabu cha mkopaji, mvua ikazidi, tukafunga mkutano mbio mbio, na mstari wa leja hatukuuandika.

Mtu atauliza, hivi katika wale kumi na wawili hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mkopo ulitolewa? Hata sisi tuliotoa kwa mkono wetu hatukukumbuka. Mtu mwenye hofu hakumbuki, anatafuta. Tena tulifundishwa kwamba kabla sanduku halijafungwa salio linatangazwa kwa sauti, na kila mwanachama analishika kichwani mpaka wiki ijayo. Utaratibu huo tulikuwa tumeuacha, tuliona tumeshazoeana, mambo gani ya kukariri kama watoto wa shule. Kama tungekuwa tunalitangaza, kosa lingeonekana wiki ya pili yake.

Tulikwenda kuomba radhi. Mara ya kwanza hakutufungulia. Tulisimama nje mpaka magharibi, tukarudi. Mara ya pili tulikwenda na shangazi yake pamoja na mama mmoja mtu mzima wa hapa kikundini, akatufungulia, akatuambia maneno ambayo hapa hayasemeki, nasi tulistahili. Njiani tulikuwa tumejiandalia la kujitetea, kwamba siku ile kila mtu alikuwa amechanganyikiwa. Tulipomwona uso tulilimeza. Tukamwambia: sisi ndio tulioandika, sisi ndio tuliosahau, na sisi ndio tuliokunyooshea kidole. Maneno hayo hayo tukayarudia kwenye mkutano tukiwa tumesimama, tukalipa ile faini ya makosa ya uandishi iliyomo katika katiba, shilingi 2,000 (kicheko), tukawaambia mko huru kuchagua mwenyekiti mwingine. Mkaturudisha kwa kura 13 kwa 8. Zile 8 tunazikumbuka, na tunaziheshimu.

Mwenzetu alirudi kuwa mwanachama mwaka 2018. Yupo hapa leo, amekaa katikati yenu. Lakini ufunguo hashiki, uongozi hautaki, na kila uchaguzi tukimwomba anatikisa kichwa. Zile shilingi zote zilipatikana. Kile kingine hakijarudi chote.

Basi tangu hapo tukaanza kujichunguza. Tukaona kwamba mara nyingi tukisema tunakwenda kutatua jambo la kikundi, kumbe tunakwenda kutuliza roho yetu. Mtu amechelewa marejesho, tunavaa kanga ya pili, tunatoka mbio kwenda kwake. Tukifika tunamfokea. Tukishafoka tunajisikia wepesi, tunarudi nyumbani tunalala. Deni liko pale pale, na yule mama sasa anapita njia ya nyuma ili asikutane na sisi.

Hatuna dawa kubwa. Tuna sinia la mchele. Habari mbaya ikitujia siku hizi, kabla hatujatoka mlangoni tunachukua sinia, tunachambua mchele kilo nzima, chuya na mawe. Wajukuu wameshajua, wakituona na sinia mchana wanaulizana, "Leo nani hajalipa?" Ukichambua mchele macho yako chini, mikono ina kazi, na moyo unapungua mbio. Mchele ukiisha tunajiuliza, je, bado tunataka kwenda? Na tunakwenda kusema nini? Mara nyingi bado kuna haja ya kwenda. Ila tunakwenda kwa mwendo mwingine, na maneno yanakuwa machache. Mwingine atakuwa na lake, kufua, kupalilia, kusali rakaa mbili. Katibu wetu anasema yeye anakwenda kisimani. Sawa.

Lipo na hili la kubeba maneno. Mmh, hili lilitaka kutuua. Mwaka 2019 wanachama wawili walikosana kwa ajili ya mtaji wa mitumba walioshirikiana. Wa kwanza akaja usiku: "Mama Mwenyekiti, mwambie mwenzio huyo mimi si mjinga." Tukachukua, tukapeleka. Wa pili akatujibu, tukarudisha. Kila tulipopeleka tulipunguza ukali kidogo ili kutafuta amani, tukaongeza na la kwetu. Wiki tatu tunakwenda na kurudi kama daladala ya Tanga. Mwisho wake wale wawili walikutana wenyewe msibani, wakaongea, wakagundua kwamba maneno tuliyowafikishia siyo yaliyosemwa. Wakapatana siku ile ile, wakawa wanakunywa chai pamoja, na sisi tukabaki adui wa wote wawili kwa muda wa miezi sita. (Kicheko.) Mnacheka, nyie!

Siku hizi mtu akija na neno la mwenzake tunamkaribisha, tunampa maji, tunamsikiliza. Akimaliza tunamwuliza: "Umemwambia mwenyewe?" Kama hajamwambia, tunamwambia aende. Akisema anaona haya, tutamsindikiza mpaka kwake na tutakaa nao, lakini maneno atayasema yeye kwa kinywa chake. Wengine wamekasirika na jibu hilo. Wamesema mwenyekiti amebadilika, hajali watu. Tumeumia kusikia hivyo, maana sisi ni watu wa kupenda kupendwa, tusifichane. Lakini hatujarudi kwenye udaladala.

Na tabia nyingine tuliyokuwa nayo ni ile ambayo watu waliisifu. Mwanachama akishindwa kulipa siku ya mkutano, tulikuwa tunamtolea kimya kimya kutoka mfukoni mwetu, ili mkutano usiwe na kelele. Tulisema ni huruma. Mwaka 2018 mume wetu alikaa na daftari akatuhesabia: shilingi 185,000 zilikuwa zimetoka hivyo na zilizorudi ni 40,000. Akatuuliza swali moja tu: "Hiyo huruma, au unaogopa kelele?" Tulimkasirikia siku mbili, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Tazameni ilivyokuwa. Yule tuliyemlipia alitukimbia, kwa aibu. Kikundi kilidhani mambo ni mazuri wakati si mazuri, kwa hiyo hakikuona haja ya kumpunguzia mkopo wala ya kumshauri biashara. Na sisi tulikuwa tunawatazama watu wote kwa jicho la kudai, huku hakuna aliyetuomba. Tulipoacha, mkutano wa kwanza ulikuwa mgumu. Mama mmoja alisimama akasema mbele ya wote kwamba hana, mtaji wa vitumbua umekwisha, mtoto aliugua. Wanachama walikaa, wakampangia alipe kidogo kidogo kwa miezi minne, na fedha za dawa zikatoka mfuko wa jamii, ambao ndiyo kazi yake. Alimaliza deni. Leo ndiye aliyepika hivyo vitumbua mlivyokunywea chai asubuhi, na jikoni kwake ana wasichana wawili wanaomsaidia.

Sasa tuje kwenye Corona. Hapa tutasema kidogo jambo tulilolifanya vizuri, maana tumejisema vya kutosha.

Machi 2020 shule zilipofungwa, habari zilikuwa nyingi kuliko watu. Malori ya Kenya yanayokuja kubeba machungwa yakapungua, sokoni wateja hakuna, na ikavuma kwamba vikundi vyote vitapigwa marufuku na fedha zitapotea. Jioni moja kina mama 14 walikuja nyumbani kwetu wakiwa kundi, wanataka sanduku livunjwe usiku ule ule. Miguu ilikuwa inatutetemeka, hilo mlijue. Tukasema kwanza nawe mikono, maji haya na sabuni. Wakati watu wanasubiriana kunawa, ikapita kama nusu saa, na kelele zikashuka. Tukawakalisha mbalimbali, huyu kwenye kinu, huyu kizingitini, huyu chini ya mti.

Halafu tukasema yaliyo yetu. Tukasema: "Hofu na sisi tunayo. Ugonjwa huu hatujui utatufikisha wapi, na atakayewaambia anajua, mwulizeni amejuaje. Hisa zetu sisi hatutazitoa, hilo tumeshaamua kwa upande wetu. Anayetaka kutoa zake, katiba inamruhusu kujitoa kwa taarifa ya wiki nne, na tutamlipa mpaka senti ya mwisho, wala hatutamnunia. Ila sanduku usiku huu halifunguliwi, maana wenye funguo wawili hawapo hapa na katiba inataka wawepo wote."

Hatukuwabembeleza, wala hatukuwatisha. Mama mmoja alitwambia tuna moyo wa jiwe. Tukamjibu, "Tumesikia, mama." Basi.

Wanachama sita walijitoa. Tuliwalipa wote wiki ya nne, kama tulivyosema, na mikopo mipya tukaipunguza ili sanduku lisipungukiwe. Wanne kati yao walirudi mwaka uliofuata. Wawili hawakurudi, wana kikundi chao upande wa pili wa barabara, na tumewaalika leo. Wale pale, wapungieni mkono. (Makofi.) Vikundi vingine tunavyovijua vilivunjika mwezi ule ule, wengine walipata fedha zao na wengine mpaka leo wanadaiana. Hatusemi sisi ni hodari kuliko wao. Tulikuwa tumeshachomwa mwaka 2017, ndiyo sababu.

Mwaka 2023 tena, mwezi wa Aprili, mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa nchi nzima ili utaratibu uangaliwe upya. Sisi tulikuwa tumeshajaza fomu, tumeandikishwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kila kitu tayari. Watu wakaanza kumtazama katibu: labda alichelewesha, labda fomu alikosea. Tuliyaona macho yale, tukayafahamu. Tukaomba fomu ziletwe, zikasomwa mbele ya wote mstari kwa mstari, zikaonekana ziko sawa, na jambo likaishia pale. Mikopo hiyo ilirudishwa mwaka 2024.

Yaliyo magumu zaidi ni ya nyumbani. Tunasema hili kwa sababu viongozi wanaokuja watakutana nalo. Mwaka 2022 kijana wetu wa pili alitaka pikipiki ya bodaboda. Akiba yetu ilikuwa inatosha kukopa, na yeye alijua, maana kitabu anakiona. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameshachukua fedha zetu mara mbili za biashara na hakuzirudisha. Tukamwambia hatutakopa kwa jina letu kwa jambo litakalolipwa na mtu mwingine, na sheria hiyo hiyo tunawapa wanachama. Akasema, "Watu wa kikundi ni bora kuliko mwanao?" Mawifi wakaingia, simu kutoka Korogwe, simu kutoka Dar. Miezi mitatu kijana hakusema na sisi ndani ya nyumba moja.

Tulilia, siyo siri. Lakini kila asubuhi tulimsalimu, akijibu asijibu. Chakula chake kiliwekwa. Hatukumsema kwa ndugu, na ndugu wakipiga simu tulisema, "Mwulizeni mwenyewe." Kazi ilikuwa ni kutomfuata na kumwomba anene, na pia kutomfungia moyo. Vyote viwili tulivitamani kila siku. Akaanza kuwa deiwaka kwa pikipiki ya jirani, na mwaka uliofuata akapata ya mkataba. Leo ndiye aliyewaleta baadhi yenu hapa. Hajasema kwamba tulifanya sawa, na hatumngojei aseme. Akitutania anatuita Benki Kuu. (Kicheko.)

Ndugu wanachama, tumebakiza moja. Desemba sanduku likivunjwa kutakuwa na uchaguzi, na sisi hatugombei. Mmeshasikia. Wiki hizi mbili wamekuja kina mama watano, kila mmoja kwa wakati wake, wakisema tukiondoka kikundi kitakufa. Mmoja alikuja na kuku. Kuku tulimrudisha, ingawa alikuwa mnono.

Tunakiri kwamba maneno yale yalitupendeza. Nani asiyependa kuambiwa kwamba bila yeye mambo hayaendi? Ile siku ya tatu tulianza kufikiri labda tugombee mwaka mmoja tu zaidi. Tukachukua sinia. Tukakumbuka kwamba leja sasa inaandikwa na watu wawili, salio linatangazwa kila wiki na hata watoto waliokaa dirishani wanalijua, na mkutano wa Februari, tulipokuwa hospitali Tanga na mjukuu, mliufanya bila sisi, mkaumaliza mapema kuliko siku zote. Hofu ya sisi kuondoka mnayo, na sisi ya kuondoka tunayo. Tutakaa nayo wote mpaka Desemba. Tutakayemkabidhi, tutamkabidhi vitabu, muhuri na katiba, kisha tutakaa mkekani na wanachama wengine, na akikosea tutamwambia yeye mwenyewe, siyo jirani yake.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu limo kwenye risala, hatutaliongeza: chumba cha kufanyia mikutano wakati wa mvua, maana mmeshasikia mvua ilitufanyia nini. Nguvu kazi tunayo, mchanga tumeshakusanya tripu mbili, na tofali tutafyatua wenyewe.

Tunawashukuru waume zetu waliotuachia nafasi kila Alhamisi kwa miaka kumi, hata wale walionuna. Tunamshukuru Bibi Maendeleo aliyekuja kutukagulia vitabu bila kuchoka. Kamati ya chakula wanatupungia mkono kwamba pilau imeiva na inapoa, na watoto wasipewe wa mwisho kama mwaka jana. Upande wa kulia ni wageni, upande wa kushoto ni wenyeji, maji ya kunawa yako mlangoni.